Kichuguu cha Kufungulia Mikanda

Juzi nilipanda teksi ya kijana wa rika lenu kutoka mjini kuja hapa Hewa Bora. Gari lilikuwa jipya, viti bado vina plastiki. Nikaona mkanda wake umefungwa vizuri mpaka kwenye kifungo, lakini umepita nyuma ya mgongo wake, na yeye amekaa mbele yake bila kitu kifuani. Nikamuuliza kwa nini.

"Papa, juu motoka inalialia," akasema. "Ukikosa kufunga ceinture, iko inafanya tii-tii-tii mpaka unafika. Njo minaidanganya."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi tulidanganya polisi, ninyi mnadanganya gari. Lakini niliposhuka nilikaa uani muda mrefu bila kuingia ndani, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa namfikiria Papa Donat na mkono wake wa kushoto. Nimenyamaza juu ya mkono ule miaka mingi kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo tulimzika mwaka jana. Sasa ninaweza kusema, nanyi mnaoshika usukani leo ndio ninaotaka mnisikie.

Niliendesha magari miaka thelathini na minne. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyeteremka kutoka kaskazini mwa Katanga na rozari mfukoni, na alitaka nami niwe mtu wa reli. Nilimkatalia kwa sababu treni haina usukani. Alikasirika wiki nzima, kisha akanipeleka mwenyewe kwa jirani yetu Papa Donat, shofere wa safari za Zambia, akamwambia, "Mutoto huyu iko na kichwa nguvu. Umutengeneze." Papa Donat alinitazama viatu kwanza, ndipo akanitazama uso. Alisema mguu ndio unaoua watu barabarani, uso hauna kosa.

Bosi wetu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa sala na wa maneno machache, aliyeuza vitenge na sabuni kwa jumla. Malori yake yaliendeshwa na wengine. Sisi wawili tulikuwa na break ya Peugeot, lile gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma, usukani kushoto, tukipeleka watu na vifurushi ng'ambo ya mpaka na kurudi. Miaka minne nilikaa upande wa abiria nikijifunza. Kisha macho ya Papa Donat yakaanza kuchoka, tukabadilishana viti.

Kabla sijaendelea, mjue kwanza jinsi sheria ya mkanda ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea. Upande wa Zambia ilibidi ujifunge, basi. Polisi wa kule waliingiza mkono dirishani na kuuvuta mkanda kuona kama umekamata. Hawakuwa na mzaha. Upande wetu, kuanzia mpakani hadi nyumba za kwanza za Lubumbashi, hakuna aliyefunga, na aliyefunga alijitafutia matatizo. Wanajeshi wa vizuizi walikuwa na hesabu yao kichwani: mtu anayejifunga hivi ana kitu anachoogopa kukipoteza, kwa hiyo ashuke tukitafute. Kisha ukifika katikati ya mji, penye mabenki na maduka makubwa, sheria ilifufuka, kwa sababu pale kwenye rond-point, penye mzunguko wa barabara, ndipo polisi wa roulage, wale wa usalama barabarani, waliposimama na glavu zao nyeupe. Ukitoka pale kuelekea Kampemba, ilikufa tena.

Na kila mji, hata kila mtaa, ulikuwa na desturi zake. Likasi walikuuliza mkanda siku za soko tu. Kolwezi ukijifunga, abiria walitaka kujua kama breki zako ni nzima. Kwenye mtaa wa Karavia mashofere wa wakubwa walijifunga hata gari likiwa limesimama chini ya kivuli, kwa sababu madamu alikuwa barazani anaangalia.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Anselme, ambaye gari lake halikuwa na mkanda hata mmoja. Alimwomba fundi cherehani amshonee utepe mweusi kwenye shati jeupe, kutoka bega la kushoto mpaka nyonga ya kulia. Kwa mbali ungeapa amejifunga. Alikuwa na mashati matatu ya namna hiyo na hata kanisani alikwenda nayo. Siku moja akapewa gari lililotoka kusini, usukani kulia, akaingia nalo mjini kwa furaha bila kukumbuka kwamba katika gari lile mkanda unashuka kutoka bega lingine. Polisi wa roulage alimsimamisha, akamzunguka taratibu, akamuuliza, "Vieux, ceinture yako inatokea wapi? Ku kiti ya mukeo?" Tulimcheka Anselme mpaka uzeeni.

Sisi wa safari za mpaka tulikuwa na alama yetu. Ilikuwa kichuguu, kilometa chache upande wetu, kirefu kuliko nyumba, chekundu, na mti umeota juu yake. Wakati wa kwenda tulifungia mikanda hapo. Wakati wa kurudi tulifungulia hapo. Hakuna aliyeandika popote. Abiria wa zamani walijifungua bila kuambiwa, nawe ukasikia vifungo vinalia, tak, tak. Papa Donat alikuwa na maneno yake pale ambayo hayakubadilika safari hata moja: "Bon. Hapa sheria inashuka, sisi tunaendelea."

Katikati ya mji ilikuwa namna nyingine. Pale hatukufunga, tulishika. Unauvuta mkanda, unaupitisha kifuani, unaushikilia penye nyonga kwa mkono bila kuuingiza kwenye kifungo. Ukishamvuka polisi unauachia, unarudi. Abiria wa mbele anafanya vilevile kwa mkono wake wa kushoto. Polisi anaona mstari mweusi kifuani, anageukia gari lingine. Ulikuwa ujinga mtupu, maana mkanda wa kushika hauwezi kumzuia hata paka, lakini Lubumbashi nzima ilishika, mawakili na mapadri wakiwemo.

Papa Donat alikuwa bingwa wa kushika. Anasimulia kisa, anakula karanga, na mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mkanda hatua mia kabla ya polisi. Alipohamia kiti cha abiria mkono ulijifunza upande mpya mara moja. Siku moja alisinzia hapo mbele, anakoroma kabisa, tukaingia mjini. Nikaona mkono wa kushoto unauvuta mkanda, unaushika kwenye nyonga, tunavuka rond-point, unauachia. Hakuamka. Nilipomwambia alicheka, akasema mkono wake umesoma kuliko yeye.

Na hapa kuna ufundi, mlishike neno hili. Ndani ya nguzo ya mlango kuna gurudumu dogo linalouviringa mkanda, na springi inayouvuta kurudi ndani. Ukiuvuta polepole, unakuja. Ukiuvuta kwa ghafla, unakamata, nawe unasikia tik. Ndivyo unavyoupima asubuhi: vuta ghafla, sikiliza tik, ndipo uwashe gari. Ukiuachia, unarudi ndani. Lakini hautoki wenyewe hata siku moja. Nimefungua magurudumu hayo mengi, nimeyasafisha vumbi kwa mswaki wa zamani, ninajua ninachosema.

Sasa nirudi kwenye miaka mibaya. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre, na ilikuwa inaanguka kipande kwa kipande mbele ya macho yetu. Kulikuwa na siku za uporaji, maduka yakabaki kuta. Niliona mtu anasukuma bafu la kuogea katikati ya barabara, peke yake, taratibu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mikanda ilikatwa kwenye magari yaliyolala nje, watu wakafungia magunia ya makaa na kubebea mabegi. Yetu ilibaki kwa sababu gari lilikuwa linalala uani kwa bosi. Hospitali zetu zilibaki na vitanda na manesi wenye moyo, bila dawa. Aliyeweza kuvuka mpaka kwenda kutibiwa alivuka.

Papa Donat aliugua tumbo mwaka huo. Alikonda mpaka koti lake likawa linamzunguka. Nilimpeleka kwenye hospitali moja ya masista huko Zambia, mbele kidogo ya Chingola, pamoja na mke wake Mama Béa. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyenilisha tangu nilipokuwa mwanafunzi wa mumewe. Alibaki naye kule, akilala chini pembeni ya kitanda. Mimi nilikwenda na kurudi nikipeleka mkate na habari, nyingi mbaya. Kila nilipokwenda Papa Donat aliniambia jambo lilelile.

"Fredi, musiniache huku. Mwana wangu wa kwanza analala kwetu, mi pia nitalala kwetu."

Mama Béa alimwapia. Nilikuwapo akiapa, mkono wake juu ya kifua cha mumewe.

Ilikuwa mwezi wa sita, na mnaijua baridi ya mwezi wa sita. Nililala ndani ya gari kwenye uwanja wa hospitali. Alfajiri, kama saa kumi na moja, Mama Béa akaja kugonga kioo. Hakuwa analia.

"Fredi," akasema, "Papa yako ameenda."

Niliingia naye. Wagonjwa wengine walikuwa bado wamelala. Papa Donat alikuwa chali, mdomo wazi kidogo. Nilimgusa mguu, ulikuwa wa baridi. Niliweka kiganja karibu na pua yake, sikusikia kitu. Vidole vyangu mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya usiku, lakini hilo sikulifikiri saa ile.

"Tuite masista," nikasema.

"Ukiita masista, banaandika." Alikuwa amenishika mkono wa shati. "Bakiandika, anabakia huku. Makaratasi ya maiti, motoka ya kumubeba, nani atatusaidia mu wakati kama huu? Batamuzika huku na bantu benye hatujue. Mi nilimuapia, Fredi."

Sikuita. Hilo ndilo kosa langu, vijana, na ninaliweka hapa katikati ili msilitafute mwishoni. Kulikuwa na sista wa zamu nyuma ya mlango mmoja tu, mwenye taa na kifaa cha kusikiliza moyo, nami sikugonga mlango ule kwa kuogopa karatasi.

Tulimsimamisha katikati yetu kama mgonjwa dhaifu, tukatoka naye. Alikuwa mwepesi. Mlinzi wa lango alikuwa anaota moto, akauliza kama mzee amepona. Nikamwambia anarudi nyumbani. Tulimkalisha kiti cha mbele. Mama Béa alimpitishia kitenge chini ya makwapa, chini ya koti, akakikaza nyuma ya kiti mpaka mgongo ukanyooka. Nilimvalisha kofia. Nilimfunika blanketi mpaka kifuani, nikapanga mikono yake juu ya mapaja, chini ya blanketi, yote miwili. Dumu la maji ya kunywa niliweka miguuni pake kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine. Mwisho nikamfunga mkanda, maana tulikuwa Zambia. Nikauvuta ghafla, nikasikia tik, kama alivyonifundisha yeye.

Jua lilikuwa linatoka. Barabara ya kule ilikuwa laini wakati ule, unaweza kuweka kikombe cha chai juu ya dashibodi. Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa, Mama Béa nyuma na rozari yake, niliposikia tik. Sauti ndogo, kutoka upande wa abiria. Nikajiambia ni shimo. Baada ya muda, tena: tik. Nilitazama barabara mbele yangu, ilikuwa nyeusi na sawa kabisa. Mama Béa akaacha kusali.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni gari, Mama. Gari ya zamani."

Kuanzia hapo niliogopa kugeuza kichwa upande wa kulia. Nasema wazi, niliogopa. Nilimpenda mtu yule kama baba na sikuweza kumtazama. Nikaamua nitaendesha mpaka nyumbani macho yangu yakiwa mbele tu.

Kwenye kizuizi cha kabla ya mpaka alisimama polisi wa kike wa Zambia. Alitusalimu, "Mulishani, ba tata," akaingiza mkono dirishani upande wa Papa Donat, akauvuta mkanda. Ukakamata. Nikamwambia kwa Kibemba kwamba mzee ni mgonjwa, amelala. Alisema kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kutoka Zaïre aliyemwona amefunga mkanda inavyotakiwa, akatupungia tupite.

Mpakani walimjua Papa Donat tangu ujana wake. Ofisi zilikuwa nusu tupu siku hizo, karatasi zimetawanyika sakafuni. Mmoja alinyanyua mkono kutoka dirishani, hakutoka hata nje. "Papa Donat analala sawa mufalme," akasema. Nikasema ndiyo, amechoka. Tukavuka.

Kisha kichuguu. Nilitamani kupita bila kusimama, lakini mbele kidogo nilijua kuna wanajeshi, na mgonjwa aliyefungwa mkanda wangetaka kumjua vizuri. Nikasimama. Nilinyoosha mkono bila kutazama, nikabonyeza kifungo, tak, na mkanda ukarudi ndani. Nilisikia unaviringika mpaka mwisho. Hakuna aliyesema yale maneno, kwa hiyo nikayasema mimi. Bon. Hapa sheria inashuka, sisi tunaendelea. Ndipo Mama Béa akaanza kulia, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Kwenye kizuizi alitujia mwanajeshi mmoja mrefu, macho mekundu, bunduki begani, viatu vya raia.

"Na huyu?" akauliza, akiinama kwenye dirisha la Papa Donat.

"Mugonjwa, mukubwa."

"Ugonjwa gani?"

"Njo hatujue. Ku hospitali banasema ni ya kuambukiza."

Hilo nililijua kwa uzoefu, neno lile lilifungua vizuizi kuliko karatasi yoyote. Alirudi nyuma hatua mbili. Lakini hakutuachia mara moja. Alibaki anamtazama Papa Donat usoni.

"Mumupatie mayi," akasema. "Mudomo yake inakauka sana, huyu papa."

"Ndiyo, mukubwa," nikasema. Nikaondoa gari.

Kilometa themanini na kitu zilibaki, barabara mbovu, mashimo ya kumeza gurudumu. Kitenge kilishika. Nilikuwa naona kwa pembe ya jicho kofia inatikisika, basi. Mchana, karibu na mji, watu wa pembeni walitupungia turudi. Barabara ya kwenda Hewa Bora ilikuwa imefungwa kwa matairi yanayowaka. "Mupitie mujini," walisema. Moshi ulikuwa mwingi na tulisikia milio ya risasi upande ule. Nikamwambia Mama Béa alale chali kwenye kiti cha nyuma kwa sababu ya mawe. Akalala, akajifunika kitenge kingine mpaka kichwani.

Sijawahi kuuona mji namna ile, na naomba msiuone. Saa nane na nusu ya mchana, jua kali, na hakuna mtu. Milango ya maduka ilikuwa imeng'olewa. Viatu vya mguu mmoja mmoja vilikuwa vimelala katikati ya njia, maana wenye kupora walikuwa wakipima wakikimbia. Karatasi za benki zilizunguka na upepo. Hakuna gari lingine, mbele wala nyuma. Na pale kwenye rond-point, juu ya kile kijukwaa chake, alikuwa amesimama polisi wa roulage, peke yake, sare imepigwa pasi, glavu nyeupe, filimbi mdomoni.

Aliponiona alinyoosha mkono. Nilishika usukani kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia nikauvuta mkanda wangu mwenyewe na kuushikilia nyongani, kama kawaida. Nikakumbuka upande wa abiria. Mkanda wake uko kwenye nguzo ya kulia, mbali nami, nisingeufikia bila kusimama na kumlalia Papa Donat mbele ya yule polisi. Nikasema moyoni, basi, tumefika hapa, na hapa ndipo watamtoa.

Nilipunguza mwendo. Polisi alinitazama mimi kifuani. Kisha akamtazama abiria wangu, akamtazama muda mrefu, kutoka bega mpaka nyonga. Nikasubiri filimbi ya kusimama. Badala yake akaweka mkono kwenye kofia yake kwa heshima.

"Bon voyage, papa," akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia yeye. Akapiga filimbi fupi, akaturuhusu.

Nikadhani amechanganyikiwa na upweke. Sikugeuza kichwa. Nilivuka, nikauachia mkanda wangu, nikaendesha mpaka hapa Hewa Bora.

Ilikuwa saa tisa ya mchana. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba yao, nikazunguka, nikafungua mlango wa abiria. Mkanda ulikuwa kifuani pake. Ulikuwa umepita juu ya blanketi, kutoka bega la kulia mpaka nyonga ya kushoto, umenyooka, na haukuwa kwenye kifungo. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya blanketi nilipouweka. Mkono wa kushoto ulikuwa nje, kwenye nyonga, na umeshika ule ulimi wa chuma wa mkanda. Ulikuwa umeushika kama tunavyoshika sisi.

Mama Béa alikuwa ameshuka upande wa pili na alikuwa anatazama. Niliinama, nikavifungua vidole vile kimoja kimoja. Vilifunguka bila shida yoyote. Mkanda ukarudi ndani kwenye nguzo, na majirani wakaanza kutoka, na kilio kikaanza.

Tulimzika karibu na mwanawe. Ahadi ilitimizwa, kila mtu alisema hivyo.

Miaka ile iliendelea kuwa mibaya, nami nilibeba wafu wengine, safari hizo na karatasi zake zote. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua siku ile. Mtu aliyekufa alfajiri, ukimshika mkono saa tisa ya mchana, mkono ule ni mgumu. Unahitaji nguvu kuvifungua vidole, na vya Papa Donat havikunidai nguvu yoyote. Mara ya kwanza nilipoligundua nilikuwa nambeba bibi mmoja wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nikalazimika kukaa chini kando ya njia mbele ya familia yake. Walidhani nina moyo mwema sana.

Tangu hapo nina tabia mbili ambazo wenzangu walinicheka kwazo. Sifungui mkanda wangu popote, kwenye kichuguu wala baada yake, na wanajeshi walinishusha mara nyingi kwa hilo. Na abiria akisinzia mbele, kabla ya kumgusa mkanda namwamsha kwanza. Namwita jina. Asipojibu, naita tena, namgusa shavu, nasubiri. Nyinyi pia mfanye hivyo, hata kama mna haraka, hata kama mna hakika.

Siku ya kumaliza matanga, Mama Béa alikuwa amekaa uani anamenya karanga. Aliniita nikae karibu naye. Alisubiri wengine waondoke.

"Fredi, nikuulize kintu. Kule mujini, mi nilikuwa nalala nyuma, sikuona. Njo wewe ulimushikisha Papa ule mukaba?"

Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama karanga. Lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Nikaelewa kwamba ameliuliza swali hili moyoni kila siku tangu siku ile, na kwamba nikisema hapana ataanza kurudi nyuma barabarani, kizuizi kwa kizuizi, mpaka kwa yule mwanajeshi mrefu na neno lake la maji.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Njo mimi. Niliona polisi, nikauvuta, nikamushikisha."

"Ah bon," akasema. "Nilikuwa najiuliza tu."

Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo alinijazia karanga kwenye kiganja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mwanafunzi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nadhani alilala vizuri. Hakuuliza tena, na hakuniuliza kamwe juu ya lile dumu la maji lililokuwa miguuni pa Papa Donat. Nililishusha mimi mwenyewe jioni ile. Lilikuwa zito, bado limejaa mpaka shingoni.